Masizi Katika Glasi: Tuliyojifunza Mlalo Juu ya Mwali Safi

(Maneno yaliyosemwa na akina mama watengeneza mishumaa kutoka Mlalo, Wilaya ya Lushoto, mbele ya waumini na wageni wa hekalu mjini Tanga, siku ya maadhimisho)



Sisi tunaosimama mbele yenu ni akina mama tisa wa Mlalo. Jana alfajiri tuliondoka nyumbani ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Tukapita Lushoto, tukapita Soni, tukateremka kona za Mombo, na jioni tukaingia Tanga tukiwa tumeyapakata masanduku yetu kama watoto wachanga. Miongoni mwetu wamo Waislamu na wamo Wakristo. Kazi inayotuunganisha ni moja: twayeyusha nta, twaimimina katika glasi, twauza mwanga.

Kamati ilipotualika tuzungumze katika maadhimisho haya, tulidhani tutatakiwa tueleze jinsi kikundi chetu kilivyoanza. Tukauliza, "Mwapenda tuseme nini?" Mzee mmoja wa kamati akatabasamu, akajibu, "Semeni juu ya ule ukuta." Basi, tutasema juu ya ule ukuta.

Wengi wenu mnakumbuka. Kwa sikukuu ya Diwali ya mwaka jana hekalu liliagiza kwetu mishumaa 120 ya glasi. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, nasi tuliifanyia kazi majuma matano. Fedha yake tulikwisha kuigawa vichwani kabla hatujaipokea: ada za shule za watoto wanne, deni la nta, na mabati ya paa la mwenzetu mmoja. Mishumaa ilipangwa katika vishubaka vya ukumbi huu, katika ukuta uliokuwa umepakwa rangi nyeupe majuma mawili tu kabla ya sikukuu. Usiku ulianza kwa uzuri. Ilipofika saa nne, juu ya kila kishubaka palikuwa na ulimi mweusi uliopanda ukutani, na midomo ya glasi ilikuwa imeingia weusi kama sufuria ya jiko la kuni. Wako watoto waliokohoa. Wazee waliizima mishumaa mmoja mmoja, wakawasha diya za samli mahali pake.

Hakuna aliyetufokea. Kamati ilitulipa fedha yote kama tulivyopatana, na jambo hilo lilituumiza kuliko lawama, maana tulijua kwamba fedha nyingine ingehitajika kununulia rangi. Tena tulijua jambo ambalo nyinyi hamkulijua. Sisi ni watoto wa koroboi. Tulisoma madaftari yetu ya shule kwa mwanga wa mafuta ya taa, na asubuhi tuliamka na pua nyeusi. Mama zetu walituambia kwamba hiyo ndiyo bei ya kusoma. Tulipoanza kutengeneza mishumaa tuliahidiana kwamba watoto wetu hawatalipa bei hiyo, na mwaka jana tuliwaletea watoto wenu moshi uleule ndani ya glasi nzuri.

Tulirudi milimani na swali moja. Kule Mlalo mishumaa ileile ilikuwa imewaka vizuri. Tuliijaribu kabla ya kuileta, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwenzetu, mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya baridi, na haikutoa moshi wa kutisha. Kilichobadilika njiani kati ya Mlalo na Tanga ni kitu gani?

Kwa mwezi mzima wa kwanza tulitafuta jibu vibaya, na hilo nalo twalikiri, maana huenda likamfaa mtu mwingine. Mmoja wetu alilaumu nta, akasema muuzaji ametuuzia nta chafu. Mwingine alilaumu manukato. Wa tatu alilaumu glasi. Tukabadilisha vyote vitatu kwa siku moja. Mshumaa mpya ukatoa moshi kidogo kuliko wa zamani, lakini hatukujua ni badiliko gani lililosaidia, kwa hiyo hatukuwa tumejifunza neno. Mganga anayempa mgonjwa dawa tatu kwa pamoja hawezi kusema ni ipi iliyoponya.

Jibu lilianza kuonekana hapahapa Tanga. Wenzetu wawili walitumwa kuja kuosha ule ukuta. Bibi mzee wa hekalu hili, ambaye nasi twamwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita, aliwakuta wakisugua. Hakusema juu ya ukuta. Aliwasha diya ya samli yenye utambi wa pamba, akasubiri mwali utulie, kisha akachukua sahani ya shaba, akaishika juu ya mwali kiasi cha kiganja kimoja. Sahani ikabaki safi. Akaishusha mpaka mwali ukaigusa. Kwa muda wa kuhesabu hadi 20 tu, pakawa na doa jeusi, laini kama ngozi ya fuko. Akalikusanya kwa ncha ya kidole, akachanganya na tone la samli, akawaonyesha. "Huu ndio wanja wa mama yangu na wa bibi yangu," akasema. "Wanangu, nyinyi mmetengeneza wanja glasi 120 bila kujua."

Wenzetu walicheka, na sisi tuliposimuliwa tulicheka, lakini lile lilikuwa somo kamili. Wino mweusi wa waandishi wa kale katika nchi nyingi ulitoka njia hiyohiyo: masizi ya taa yaliyokusanywa juu ya kitu cha baridi, kisha yakachanganywa na gundi ya mti. Watu waliotaka masizi walijua kuyapata. Basi mtu asiyeyataka anaweza kujifunza kwao, akafanya kinyume chake.

Tulipofika nyumbani tulimwendea mwalimu wa sayansi wa sekondari moja ya kwetu, tukamweleza habari ya sahani. Alitueleza kwamba mwanasayansi Mwingereza, Michael Faraday, alitoa mihadhara sita kwa vijana mjini London katika majira ya Krismasi ya mwaka 1860, yote ikiwa juu ya mshumaa mmoja tu, na kwamba mihadhara hiyo ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1861. Mambo aliyotufundisha mwalimu siku ile twaomba kuwapa nyinyi kwa maneno yetu wenyewe, kwa sababu bila hayo mengine yote hayaeleweki.

Nta ngumu haiwaki. Ukishika kipande cha nta ukakisogezea kiberiti, kitayeyuka na kudondoka tu. Katika mshumaa, joto la mwali huyeyusha nta iliyo karibu. Nta iliyoyeyuka hupanda katika utambi, kama maji yanavyopanda katika pindo la kanga lililogusa kidimbwi. Ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Nta imeumbwa hasa kwa kaboni na haidrojeni. Ndani ya mwali mvuke huvunjika, na kaboni hujikusanya kuwa chembe ndogo mno. Chembe hizo hupata moto mkali, zikang'aa. Rangi ya manjano tunayoiita mwanga wa mshumaa ni mng'ao wa chembe hizo. Zikifika ukingoni mwa mwali hukutana na hewa, zikateketea, zisionekane tena.

Kwa hiyo, ndugu zetu, masizi si uchafu ulioingia kutoka nje. Yamo ndani ya kila mwali wa mshumaa, na bila hayo mshumaa usingetupa nuru. Tatizo huja pale chembe hizo zinapotoka katika mwali kabla hazijateketea. Zinaweza kutoka kwa sababu zimegusa kitu cha baridi, kama sahani ya Ba. Au kwa sababu ni nyingi kuliko hewa iliyopo. Au kwa sababu upepo umezipeperusha nje ya moto zikiwa bado njiani. Sisi twapenda kusema hivi: utambi ni mpishi, na hewa ndiyo walaji. Mpishi akipakua kuliko walaji wanavyoweza kula, chakula humwagika. Ukuta wenu ulimwagikiwa chakula.

Tukiwa na kipimo hicho, tulianza tena, na safari hii tulibadilisha jambo moja tu kila mara.

Jambo la kwanza lilikuwa utambi. Tambi zetu za mwaka jana tulizisokota kwa mkono, nyuzi nene za pamba zilizopindwa kama kamba. Tulizifanya nene kwa makusudi. Usiku wa Mlalo ni wa baridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Nta ya kando ya glasi hubaki ngumu, na utambi mwembamba huchimba shimo katikati, kisha huzama na kuzimika. Tulidhani tumeupatia ugonjwa huo dawa. Lakini utambi mnene hupakua nta nyingi. Tena utambi uliosokotwa husimama wima katikati ya mwali, mahali ambapo hewa haifiki, nao hujijengea kichwa cheusi kama uyoga. Kichwa hicho huongeza ukubwa wa mwali, na vipande vyake huanguka katika nta iliyoyeyuka, vikawa kama tambi nyingine ndogondogo.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1825 Mfaransa aitwaye Cambacérès alitumia utambi uliosukwa badala ya uliosokotwa. Utambi uliosukwa hujipinda unapoungua. Ncha yake huinama mpaka ukingo wa mwali, ikakutana na hewa, ikateketea yenyewe. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walikuwa na mikasi maalumu ya kukatia tambi, na mtu alilazimika kuinuka mara kwa mara wakati wa maongezi ili kuutengeneza mshumaa. Sisi tulisoma habari hiyo tukatazamana. Kusuka twajua, tumesuka nywele na ukili tangu utotoni. Siku hizi twasuka tambi zetu kwa nyuzi nyembamba za pamba isiyotiwa rangi wala kuchanganywa na nailoni, kisha twazichovya katika nta na kuzinyoosha kabla ya kuzitumia.

Unene wa utambi hauchaguliwi kwa macho. Huchaguliwa kwa kuwasha. Katika glasi yenye upana wa sentimita saba twategemea nta iliyoyeyuka ifike karibu na ukuta wa glasi baada ya saa mbili na nusu hadi saa tatu, na kina chake kiwe kama sentimita moja. Ikifika kwa saa moja tu, utambi ni mnene mno na masizi yatafuata. Isipofika kabisa, utambi ni mwembamba. Na hata utambi mzuri hukatwa kila kabla ya kuwashwa, ubaki milimita sita, yaani robo ya inchi. Kama twaruhusiwa kuwaachieni jambo moja tu leo, na liwe hilo la milimita sita.

Jambo la pili lilikuwa glasi yenyewe. Mwaka jana tulitumia chupa za jemu zilizooshwa, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Chupa nyingi za namna hiyo zina shingo. Hewa ya baridi inayoingia na gesi za moto zinazotoka hupita mlango mmoja, na mlango ukiwa mwembamba hugongana. Mshumaa ukiwa mpya hali si mbaya sana. Nta ikishuka, mwali huwa kama mtu aliye ndani ya kisima. Siku hizi twatumia glasi zenye mdomo mpana kama kitako chake, na hatuzifanyi ndefu. Tulijaribu pia vyungu vidogo, maana ufinyanzi ni kazi ya akina mama wa milima yetu tangu zamani, na tulitamani sana tufanye kazi pamoja nao. Ilibidi tuache. Udongo usiopakwa kitu ndani hufyonza nta iliyoyeyuka, na chungu kilicholowa nta kinaweza kugeuka utambi chenyewe. Diya yenu ya udongo, inayotiwa samli kidogo na kukaa wazi, ni chombo cha namna nyingine.

Jambo la tatu ni yale tuliyoyatia katika nta. Hapa aibu yetu ni kubwa kidogo. Tulitaka Diwali inukie, tukamimina mafuta ya harufu ya asumini bila kupima. Mafuta hayo nayo huungua, lakini mengi yake hayaungui kwa usafi kama nta, na yakizidi huziba utambi. Sasa twapima kwa mizani: gramu tano za manukato kwa kila gramu 100 za nta, basi. Rangi tulikuwa tumeipata kwa kuyeyusha kalamu za nta za watoto wa shule. Kalamu hizo zina unga wa rangi usioyeyuka. Unga huo hupanda katika utambi ukakwama humo, kama mchanga katika mfereji wa kumwagilia shamba. Tumeacha.

Na iko nta ya nyuki, ambayo twaichanganya na nta ya parafini tunayoinunua. Wateja wengi hutuambia kwamba nta ya nyuki haitoi masizi na ya parafini ndiyo chafu. Twaomba tuwe wakweli hata kama ukweli huu hautusaidii kuuza: hakuna nta isiyoweza kutoa masizi. Nta ya nyuki huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 65, juu ya parafini nyingi tunazozipata, kwa hiyo hutaka utambi wake. Na kama haikusafishwa, mabaki ya asali na takataka za mzinga huziba utambi kuliko kitu chochote. Twaichemsha pamoja na maji, twaichuja kwa kitambaa, twaiacha ipoe polepole. Inapoganda, uchafu huwa umekaa chini yake, nasi twaukwangua kwa kisu. Kisha twaiyeyusha tena peke yake, sufuria ndani ya sufuria ya maji, ili lisibaki tone la maji ndani ya nta, kwa sababu tone hilo litapasuka na kuurusha mwali.

Baada ya kusahihisha mambo hayo matatu tulipata mshumaa ulio bora. Hata hivyo swali letu la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa. Mshumaa mbaya wa mwaka jana, pamoja na makosa yake yote, uliwaka vizuri Mlalo ukaja kuharibu Tanga. Kwa hiyo mwezi wa tatu tuliomba ruhusa ya kamati, tukaja na mishumaa sita iliyosalia katika ile oda, na mishumaa sita mipya, na sahani nyeupe 12 za udongo wa kuchomwa. Sahani tuliiazima kwa Ba, tukaifanya kipimo. Kila mshumaa ulipotimiza saa moja tuliweka sahani juu ya mdomo wa glasi, mbali na mwali, kwa dakika tano, kisha tukazipanga sahani mezani na kuzilinganisha.

Tuliwasha mshumaa wa zamani mapangaboi ya ukumbi yakiwa yamezimwa. Sahani ikapata kivuli chepesi cha kijivu. Tukawasha mapangaboi. Mwali ukaanza kuyumba, ukainama upande mmoja, ukajilamba kwenye glasi, na sahani ya pili ikatoka nyeusi. Tukaukata utambi ukabaki milimita sita, mapangaboi yakiendelea. Sahani ya tatu ikawa ya kijivu tena. Hapo mmoja wetu akaketi sakafuni akasema, "Tulifunga mlango." Sote tukaelewa. Kule Mlalo tulikuwa tumeujaribu mshumaa katika chumba kilichofungwa, hewa ikiwa imetulia. Huku Tanga, mwezi wa Diwali, watu 300 wamo ukumbini, joto linakaribia nyuzi 30, na mapangaboi manane yanazunguka juu ya vichwa vyao, kama inavyostahili. Joto liliilainisha nta, utambi mnene uliokusudiwa baridi ya milimani ukapakua kupita kiasi, na upepo ukazinyang'anya zile chembe nafasi ya kuteketea. Mshumaa haukuharibika njiani. Sisi ndio tuliotengeneza mshumaa wa Mlalo tukauita mshumaa wa Tanga.

Huo ndio ujumbe wetu, waheshimiwa, na pengine unahusu mambo mengi zaidi ya mishumaa: kitu hujaribiwa mahali kitakapofanyia kazi, si mahali kilipozaliwa. Mlalo ni mji uliopokea wageni wengi. Wamisionari wa Bethel walianzisha kituo chao kwetu mwaka 1891, na wakulima wa milima yetu wamepokea mbegu za kila namna. Kila mzee wa kwetu atakuambia kwamba mbegu iliyosifiwa bondeni si lazima izae mlimani. Tulilijua hilo kwa viazi. Hatukulikumbuka kwa nta.

Sasa, kwa ajili ya akina mama na akina baba ambao wana mshumaa wa glasi nyumbani, uwe wetu au wa mtu mwingine, twaomba kusema utaratibu mfupi wa kufuata pale unapotoa moshi mweusi. Kwanza uzime, uuache upoe hadi nta igande. Kata utambi ubaki milimita sita, na uondoe kila kipande cheusi cha utambi au njiti ya kiberiti kilichoanguka juu ya nta. Futa masizi mdomoni mwa glasi kwa kitambaa kikavu. Uhamishe mbali na dirisha, mlango na pangaboi. Uwashe tena na uutazame kwa robo saa. Mwali ulio mzima una umbo la tone la maji, umetulia, na ncha yake ni safi. Ukiwa mrefu, ukiwa na ncha inayopasuka na kutoa uzi wa moshi, basi kosa limo ndani ya mshumaa wenyewe, katika utambi au katika nta, na kuuhamisha hakutausaidia. Urudisheni kwa fundi.

Msiuache mshumaa wa glasi uwake zaidi ya saa nne mfululizo, wala msiuwashe mpaka nta iishe kabisa. Nta ikibaki kina cha sentimita moja, umekwisha, kwa sababu glasi ikipata moto bila nta yaweza kupasuka. Moto wa nta usimwagiwe maji kamwe, ufunikwe. Na moshi mweupe unaopanda mara tu mshumaa unapozimwa si masizi: ni mvuke wa nta ambao haukupata moto. Ukisogeza njiti yenye moto katika uzi huo wa moshi, moto utaurukia na kuurudia utambi. Watoto wa Mlalo hupenda sana mchezo huo, nasi huwaruhusu kuutazama, mkono wa mtu mzima ukiwa ndio ulioshika njiti.

Tumefika mwisho, na mwisho wetu ni juu ya biashara. Kamati imetuuliza kama tutaweza kuleta tena mishumaa 120 kwa Diwali ijayo. Tulikaa juu ya swali hilo usiku mzima, na msidhani halikuwa zito. Miongoni mwa wale watoto wanne, mmoja yumo kidato cha tatu na ada yake haijatimia. Jibu letu ni hapana. Twaomba kuleta 40. Vishubaka vilivyo chini ya mapangaboi haviufai mshumaa wowote wa glasi, uwe wa nani. Hapo, na mbele ya sanamu, ziwekwe diya za samli kama walivyofanya wazee wenu, chini ya jicho la mtu anayejua kuzitunza, maana nazo utambi wake ukivutwa mrefu hutoa masizi kama yetu. Mishumaa 40 itatosha chumba cha chakula na ujia wa maktaba, mahali ambapo hewa imetulia. Tungeweza kuuza 120 na kupokea fedha. Lakini tungekuwa tunawauzia ukuta mweusi tukijua.

Katika masanduku tuliyoyapakata jana imo mishumaa 12. Kwa idhini ya wazee, tutaiwasha sasa katika chumba cha chakula, na juu ya kila mmoja tutaning'iniza sahani nyeupe. Mtakapomaliza kula, piteni mzitazame. Zikiwa nyeupe, tuagizieni ile 40. Zikiwa nyeusi, tuambieni palepale, nasi tutarudi Mlalo na kuanza upya.

Ba, sahani yako ya shaba tumeirudisha, imesuguliwa. Twakushukuru kwa kutufundisha bila kutuaibisha. Wazee wa hekalu, twawashukuru kwa kutulipa siku ambayo hatukustahili, na kwa kutuita tena. Twawatakia nyinyi na watoto wenu maadhimisho mema, na miaka mingi ya taa zisizozimika.